Lango la Kalmura na Wasiofika

Fundi Shekuwe wa Siyu, mwashi wa mawe na chokaa, alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu alipoifikia nchi ya Kalmura. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Alikuwa amealikwa na mtu aliyefariki kabla yeye hajawasili, na tangu apate habari hiyo njiani hakuwa na haraka ya kwenda mbele wala ya kurudi. La kusimulia ni kile alichokiona asubuhi ile akiwa bado mbali: lango kubwa la mji limesimama peke yake katikati ya uwanda wa nyasi, bila ukuta kulia wala kushoto.

Alikaribia polepole, kwa heshima, kama fundi anavyoikaribia kazi ya fundi mwenzake. Palikuwa na minara miwili ya mraba, safu ya matofali na safu ya mawe, safu ya matofali na safu ya mawe, mpaka juu. Kati ya minara upo upinde wenye umbo la kwato ya farasi, mpana kifuani na uliobana chini. Juu yake vimepangwa vijipinde vidogo vinavyopishana kama vidole vya mikono iliyokunjwa, na juu zaidi umepita mkanda wa maandishi ya pembepembe ambayo, kama alivyokuja kujua, hakuna tena mtu wa mji ule aliyeweza kuyasoma. Ukuta wa mji ulikuwapo zamani. Watu waliuvunja kwa muda wa miaka mia mbili, jiwe moja moja, wakajengea nyumba, tanuri za mikate na mazizi ya mbuzi. Lango halikuguswa.

Mbele ya lango palikuwa na foleni ya watu zaidi ya mia, na vikapu vyao na punda wao, jua likiwachoma. Pembeni mwa mnara palikuwa na nyasi tupu, hatua thelathini tu kuufikia mji. Shekuwe akashika njia ya nyasi. Askari akamzuia, si kwa ukali, bali kama mtu anayemzuia kipofu asitumbukie kisimani.

Askari alimweleza sheria. Katika Kalmura, mtu hufika kwa kupita langoni. Apitaye pembeni huwa ndani ya mji, lakini hajafika. Asiyefika hasalimiwi, hajibiwi, hauziwi mkate, neno lake halisikiki barazani na kaburi lake haliandikwi jina. Si kwamba anaadhibiwa, askari alisema. Adhabu ni ya mtu aliyepo. Na anayemjibu asiyefika hupoteza kufika kwake mwenyewe. Mgeni husamehewa wiki moja, kwa kuwa hajui. Shekuwe alipotazama vizuri aliwaona kweli, hapa na pale kati ya umati: mwanamume aliyebeba maji bila mtu kumpisha, mwanamke aliyefagia kizingiti huku watu wakiruka ufagio wake bila kumtazama.

Akarudi kwenye foleni.

Foleni ilikwenda polepole kwa sababu kila kundi lililoingia lilisomewa historia ya lango, na historia zilikuwa mbili. Watu wa Mnara wa Kulia walisema lango lilijengwa na Amiri Hazruni, babu yao, baada ya mji kuchomwa na maadui. Na kwamba Watu wa Mnara wa Kushoto walikuja baadaye kama wachunga farasi. Watu wa Mnara wa Kushoto walisema vivyo hivyo, wakibadilisha majina. Tatizo jingine lilikuwa kwamba mnara ulio kulia kwa anayeingia ni wa kushoto kwa anayetoka, na kwa ajili ya jambo hilo palipiganwa vita vya miaka kumi na mmoja. Vita viliisha kwa mapatano kwamba historia zote mbili zisomwe, moja baada ya nyingine, na asiwepo mtu wa kucheka.

Ndani ya lango njia ilipinda kushoto, kisha kulia. Msomaji alieleza kuwa kona zile ni alama ya unyenyekevu. Shekuwe alijua ni za nini: adui aliyeingia na farasi alazimike kupunguza mwendo, na ule ubavu wake usio na ngao uwaelekee wapiga mishale. Kwenye dari palikuwa na tundu la duara, na wageni waliposimama chini yake walimwagiwa maji ya waridi. Tundu hilo waliliita Tundu la Rehema. Shekuwe aliinua uso akaona kingo zake nyeusi kwa masizi ya kale, masizi ya mafuta yaliyochemka. Akapangusa maji ya waridi machoni, akanyamaza. Alikuwa mgeni.

Alipokuwa chini ya tundu ndipo alipouona ufa. Ulianzia kwenye jiwe la katikati ya upinde, lile linalobana mengine yote, ukapanda kati ya vijipinde hadi kwenye mkanda wa maandishi. Unga wa chokaa ulikuwa unadondoka, mwembamba kama unga unaopita kwenye chekecheke.

Mwanamke mwenye ufagio alikuwa amesimama karibu naye. "Jana niliingiza kidole kimoja," alisema kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. "Mwezi wa Rajabu nilikuwa naingiza ukucha."

Shekuwe akamwuliza jina lake. Mwanamke alishtuka, kwa sababu alikuwa amesema kama mtu anavyosema peke yake. Jina lake lilikuwa Tamima. Mama yake alikuja Kalmura akiwa na mimba ya miezi tisa, uchungu umeshamshika, foleni ndefu, akapita kwenye nyasi. Tamima alizaliwa ndani ya mji, na sasa alikuwa na miaka arobaini na miwili. Aliwahi kutoka ili aingie upya kwa lango, lakini msomaji wa historia hakuweza kumwona kwenye foleni.

Ni yeye aliyemweleza chanzo cha ufa. Sheria ilikataza mtu yeyote aliyefika kugusa jiwe la mababu. Lakini kuongeza si kugusa. Kila mwaka Watu wa Kulia waliongeza safu moja ya mawe juu ya mnara wao kwa ajili ya heshima, na Watu wa Kushoto nao wakaongeza, na hakuna aliyekubali kupitwa. Minara ilikuwa imeelemewa ikaanza kuinama nje, kila mmoja upande wake, na upinde ulioshikilia katikati ulikuwa unafunguka. Siku kumi mbele ilikuwa Siku ya Kufika. Watoto wa Kalmura huhesabiwa katika kufika kwa mama zao mpaka watimize miaka saba. Kisha hutolewa nje ya mji kwa pamoja, wapite langoni kwa miguu yao wenyewe. Mwaka ule walikuwa watoto mia na arobaini, na ngoma za minara yote miwili zingepigwa juu ya vichwa vyao.

Shekuwe hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kulikuwa na jambo alilolibeba tangu ujana wake. Aliwahi kuitwa na tajiri mmoja kukagua ukuta, akaona ufa, lakini alikuwa amekirimiwa vizuri na hakutaka kumwaibisha mwenye nyumba mbele ya watu. Alisema utasimama. Ulisimama siku nne, kisha ukawaangukia waashi wawili, mmoja wao shemeji yake, Shee. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alikuwa ameona.

Siku ya tatu aliomba kusikilizwa barazani. Aliyekalia kiti alikuwa Kadhi wa Lango, mzee Abu Siraji, mrefu, mwenye macho yaliyochoka na sifa ya kutopokea zawadi ya mtu yeyote. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Nuzha, aliyekuwa katika watoto wa mwaka ule. Wazazi wa mtoto walikuwa wamekufa kwa homa. Watu wa pande zote mbili walimwamini kwa sababu hakuwahi kupindisha sheria hata kwa unywele, wala kwa faida yake mwenyewe.

Kadhi alimpokea Shekuwe kwa adabu, akamweleza utaratibu. Mgeni akisimama barazani huulizwa mara tatu kama lango limesimama, naye hujibu kwamba limesimama. Baada ya hapo anaweza kusema haja yake. Na mgeni anayejibu vinginevyo? Huyo, Kadhi alisema, amekana lango. Na aliyekana lango hakupita ndani yake. Na ambaye hakupita hakufika.

"Kwa hiyo anayesema linaanguka hasikiki," Shekuwe alisema.

"Sheria haikumlenga mtu huyo," Kadhi alijibu. "Ilitokea tu kuwa hivyo."

Akaulizwa mara ya kwanza, akajibu limesimama. Mara ya pili akajibu limesimama. Alipoulizwa mara ya tatu alimkumbuka Shee. Kisha akasema, "Limesimama leo. Halitasimama na watoto mia na arobaini chini yake na ngoma juu yake. Upinde umefunguka. Mimi ni fundi, nimeona kwa macho yangu."

Karani akageuza ukurasa wa daftari. Wazee wa baraza wakaanza kuzungumza habari za mapazia ya sherehe. Macho ya Kadhi yalibaki kwa Shekuwe kitambo kidogo, kisha yakapita kama yanavyopita juu ya kiti kitupu. Shekuwe alipotoka nje, mwanamke mwoka mikate, Bi Zumuradi, ambaye asubuhi ile alimchagulia mkate wa moto na kumwuliza habari za kwao, hakugeuza kichwa alipoitwa.

Alikaa kwenye ngazi za baraza mpaka alasiri. Tamima akaja akaketi kando yake, akaumega mkate wake vipande viwili. Alimwambia maneno yaliyomfanya Shekuwe ainue kichwa. Sheria ilikataza aliyefika kugusa mawe ya mababu. Haikusema lolote juu ya asiyefika, kwa sababu waliotunga sheria hawakuweza kumtaja mtu asiyekuwapo.

Wakafanya kazi siku sita, mchana kweupe. Wasiofika walikuwa thelathini na saba, na miongoni mwao kulikuwa na maseremala, wachukuzi, na mzee mmoja aliyewahi kutengeneza mashua. Walibomoa boriti za kinu cha zamani kilichoachwa, wakazibeba mabegani katikati ya soko, na watu wakajitenga kushoto na kulia wakiendelea na mazungumzo yao. Shekuwe alichora upinde kwa mkaa sakafuni, wakakata mbao kwa kipimo kile, wakasimamisha kalibu ya kuubeba upinde wote kutoka chini.

Siku ya nne ya kazi Kadhi alipita. Akainama chini ya boriti, akashika pindo la kanzu yake lisinase kwenye mbao. Akasimama. Akautazama ufa kwa muda mrefu, kisha akaitazama kalibu, kiungo baada ya kiungo. "Njia imekuwa nyembamba mwaka huu," alisema kama mtu anayesema na nafsi yake, akaenda zake.

Siku ya tano Shekuwe alimwambia Tamima jambo ambalo lilikuwa likimsumbua. Ili kalibu ishike, nguzo nyingine nne zilihitajika katikati ya njia. Zikiwekwa, hata mtoto hatapita. Zisipowekwa, hawezi kuahidi chochote.

"Watapita kwenye nyasi," alisema. "Watakuwa kama nyinyi. Mama zao hawatawajibu. Mimi na wewe ndio tutakaokuwa tumewafanyia hivyo."

Tamima aliweka chini ufagio wake. 

"Mimi sijaitwa jina langu na mtu wa mji huu kwa miaka arobaini na miwili," alisema. "Najua ninachowatakia. Tena nakijua kuliko wewe. Lakini napumua, fundi. Ziweke nguzo."

Wakaziweka jioni ya siku ya sita, foleni ilipokwisha.

Siku ya Kufika watoto walitolewa kwa njia ya nyasi, kwa kuwa sheria haikujali mtu anatokea wapi, wakapangwa nje, wawili wawili, wamevaa nguo nyeupe. Mji mzima ulikuwa upande wa ndani, ukisubiri. Watu wa Kulia na Watu wa Kushoto walikuwa juu ya minara na ngoma zao. Nuzha, mjukuu wa Kadhi, alitangulia mbele kwa sababu ya cheo cha babu yake. Msafara ulifika langoni ukasimama.

Askari akawaambia wapite. Nuzha akasema pamezibwa.

"Hapana kitu hapo," askari akasema. "Piteni."

"Pana magogo," mtoto akasema.

 Kuyakiri magogo ni kuwakiri walioyaweka. Askari alimtazama mkubwa wake, na mkubwa wake akatazama juu, kwenye minara, kana kwamba anasubiri amri. Wapiga ngoma wakadhani ni ishara. Ngoma zikaanza, kwanza za kulia, kisha za kushoto, zikishindana. Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani ya lango, nzito na fupi. Jiwe la katikati lilikuwa limeteleza kiasi cha kiganja likatua juu ya kalibu. Boriti zililia kwa urefu wake wote. Vumbi la chokaa lilijaa njia yote likatoka pande mbili. Ngoma zikanyamaza. Mbao zikashika.

Kila mtu alisikia. Hakuna aliyesema amesikia.

Nuzha alijifuta vumbi usoni, akamshika mkono mwenzake, akatoka kwenye mstari. Alipita pembeni mwa mnara, kwenye nyasi, na watoto mia na thelathini na tisa wakamfuata, kwa kuwa njia ilikuwa wazi na mama zao walikuwa upande wa pili. Walitokeza mjini wakikimbia, kila mmoja akiita mama, baba, bibi. Wakafika miguuni mwa wazazi wao, wakawashika nguo. Wazazi walitazama mbele.

Shekuwe alisema baadaye kwamba katika maisha yake amesikia kuta zikianguka na wajane wakilia, lakini hajasikia kitu kizito kama ukimya ule. Watoto walidhani ni mchezo. Kisha mmoja mmoja wakaelewa kwamba si mchezo, na wakaanza kuita kwa sauti nyingine.

Bi Zumuradi mwoka mikate ndiye aliyevunja. Binti yake hakuwa analia; alikuwa amekaa chini tu, ameacha kuita. Mama yake alitazama kiti cha Kadhi, akatazama lango, kisha akapiga magoti. "Naam, mwanangu," alisema. "Nakusikia. Nipo." Na kwa neno hilo mwanamke aliyezaliwa Kalmura, kama mama yake na bibi yake, akawa hajafika. Baba mmoja akamfuata, kisha wake wa ndugu wawili, kisha wengine ambao hakuna aliyewahesabu. Hadi adhuhuri karibu nusu ya mji haikuwa imefika, na nusu nyingine ilikuwa imesimama katikati yao bila kujua imtazame nani.

Kadhi Abu Siraji hakujibu. Mjukuu wake alimshika kanzu mpaka mwisho, naye akamfungua vidole taratibu, akaenda nyumbani, na mtoto akamfuata.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya miezi minne. Wasiofika sasa walikuwa wengi, na mikono yao haikukatazwa na sheria yoyote. Shekuwe aliwaongoza kushusha safu zote zilizoongezwa juu ya minara, za kulia na za kushoto, kisha kufungua upinde jiwe kwa jiwe. Ndani ya mnara mmoja walikuta alama za waashi wa kale, mshale na nusu duara, na alama zilezile zikawa ndani ya mnara wa pili. Ni watu walewale waliojenga yote miwili. Watu wa Kulia waliosikia habari hiyo walisema lazima mwashi alikuwa wao. Watu wa Kushoto nao wakasema hivyo. Bi Zumuradi alioka mkate wa kazi kila siku, na Tamima alijifunza kuchanganya chokaa akawa na mkono mzuri kuliko wengi. Watu walimwita jina lake kutwa nzima, naye kila mara alichelewa kidogo kuitika.

Nuzha alikuwa akija hapo kila siku, akikaa karibu na Tamima. Alisema babu yake humpikia, humchana nywele, humfunika akilala. Kila asubuhi humwamkia babu yake, "Shikamoo, babu." Hajibiwi. Shekuwe alikasirika aliposikia, akasema maneno makali juu ya mzee yule. Mtoto akamwambia asiseme hivyo. Babu hulia akidhani yeye amelala.

Mwishoni mwa mwezi wa nne, asubuhi moja, kabla jiwe la katikati halijarudishwa mahali pake, Kadhi alitoka nyumbani akiwa amevaa joho lake la baraza. Watu waliofika wakampisha. Alipita chini ya kalibu, ambayo nguzo zake nne za kati zilikuwa zimeshaondolewa, akageuka kona ya kwanza, akageuka ya pili, akatokea nje kwenye uwanda. Wote walidhani anakwenda kuikagua kazi kutoka nje, kisha atarudi kwa njia ile ile kama sheria inavyotaka. Askari alijiweka sawa kumpokea.

Alisimama nje kwa muda, amelitazama lango. Kisha akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. Akashika njia ya nyasi. Alikuwa mzee na ardhi ile ilikuwa na mashimo, akawa anakwenda kwa uangalifu, mkono mmoja ukigusa ubavu wa mnara. Hakuna aliyemwita arudi. Askari alifungua kinywa, kisha akatazama pembeni, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu.

Alifika mpaka pale Nuzha alipokuwa ameketi juu ya rundo la matofali.

"Shikamoo, babu," mtoto alisema, kama alivyozoea, bila kuinua uso.

"Marahaba, Nuzha," Abu Siraji alisema.

 Akaketi kando yake juu ya matofali, akapangusa chokaa kwenye paji la uso wa mtoto, kisha akaanza kumwuliza mambo ya miezi minne, moja moja: lile jino lilitoka lini, nani alimfundisha ule wimbo anaouimba akioga, na kwa nini siku ile ya mvua alirudi nyumbani analia.